Mama wa Mkwajuni na Faili Lake: Bunge Linaweza Kumsaidia Nini?

Leo ninaanzia Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Nilikuwa huko kwa kazi nyingine kabisa, kazi ya bei za ufuta. Nimekaa kwenye benchi nje ya mgahawa nasubiri gari la kunirudisha Mbalizi, akaja mama mmoja wa makamo ya mama yangu mzazi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akakaa, akaweka kikapu chake mapajani, akatoa faili la kaki lililofungwa kwa uzi wa katani.

"Mwanangu," akasema, "nimesikia wewe ni mtu wa redio. Nataka haya mambo yangu yafike Bungeni."

Hakusema mahakamani, wala kwa Mkuu wa Wilaya ambaye ofisi yake haiko mbali na pale tulipoketi. Alisema Bungeni. Nimekuwa nikilitafakari neno hilo tangu siku ile, maana barua nyingi zinazofika kwetu studio zinalo: mtu amedhulumiwa kiwanja, mtu hajalipwa kiinua mgongo, mtu amenyang'anywa ng'ombe, na mwisho wa barua anaandika, "naomba suala langu lipelekwe Bungeni." Basi juma hili tuulize: mtu mmoja, mwenye dai lake binafsi, anaweza kulipeleka Bungeni? Akilipeleka, Bunge linaweza kumfanyia nini?

Kwanza kisa cha mama, kwa ufupi. Ana shamba la mahindi na ufuta alilolima tangu alipoolewa. Miaka kadhaa iliyopita walikuja watu wenye leseni ya uchimbaji wa dhahabu, wakachimba maduara sehemu ya chini ya shamba, wakaondoka, mashimo wakayaacha wazi. Wanaoijua nchi ile, kuanzia Saza mpaka Chunya, wanajua kwamba hadithi hiyo si ngeni. Ardhi ina tabaka mbili za riziki, ya juu ni ya mkulima na ya chini ni ya mchimbaji, na sheria ndiyo inayowapatanisha. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya mtu anayemiliki ardhi iliyolimwa kabla ya kuingia, na alipe fidia ya haki kwa uharibifu anaoufanya. Mama yangu huyu hakutia saini ridhaa yoyote. Alipokwenda kulalamika katika ofisi moja aliambiwa aende nyingine, na hiyo nyingine ikamrudisha ya kwanza.

Nikaomba kulisoma faili. Lilikuwa na barua ya kurasa kumi na moja, iliyoandikwa na kijana wa pale senta kwa malipo. Mwisho wa barua kulikuwa na orodha ya "nakala kwa": Mbunge, Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa, Waziri, Waziri Mkuu, Rais, na wengine hata idadi yao nikaisahau. Hii ni desturi yetu Watanzania na naielewa chimbuko lake. Mtu anajua mlango mmoja unaweza kufungwa, basi anabisha yote kwa pamoja. Lakini nimekaa na makarani wa ofisi nyingi katika kazi yangu hii, na nakwambia wanavyofanya. Karani akiona barua ambayo yeye amepewa nakala tu, anajua kwamba mwenye barua ni mwingine. Anaiweka kwenye jalada na kungoja. Na yule mwingine naye anaiona orodha ile, anadhani wakubwa waliotajwa chini wataanza wao.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana haya ya kuandika maombi kwa baraza hayakuanza leo.

Huko Uingereza, karne nyingi kabla ya watu wa kawaida kupata kura, mtu aliweza kupeleka ombi kwa Mfalme na Bunge lake. Waingereza waliohamia Marekani wakaenda na desturi hiyo. Katika jimbo la Virginia, kwa mfano, mabunge ya zamani yalijaa maombi ya mtu mmoja mmoja. Mwanamke aliyetaka talaka alikwenda kuiomba katika bunge la jimbo, na hali iliendelea hivyo mpaka katiba ya jimbo ya mwaka 1851 ilipoliondolea bunge kazi hiyo. Mwaka 1806 jimbo hilo lilitunga sheria kwamba mtumwa aliyeachwa huru lazima atoke ndani ya jimbo katika miezi 12. Hebu fikiri: umepata uhuru wako, lakini mkeo na watoto bado ni watumwa wa mtu mwingine, na wewe unaambiwa uondoke. Watu hao waliandika maombi bungeni, au waliandikiwa kama mama yangu alivyoandikiwa, wakiomba ruhusa ya kubaki karibu na familia zao. Wengine walikubaliwa, wengine walikataliwa. Maombi hayo yapo hadi leo katika maktaba ya jimbo hilo, na wanahistoria huyasoma.

Hapo ndipo palipo na jambo ninalotaka tulishike. Mwanamke wa Virginia hakuwa na kura. Mtumwa aliyeachwa huru hakuwa na kura. Ombi lilikuwa sauti ya asiye na kura. Wenye mabavu walilijua hilo, ndiyo maana kati ya mwaka 1836 na 1844 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilijiwekea kanuni ya kutoyasikiliza kabisa maombi ya kupinga utumwa. Rais wa zamani, John Quincy Adams, aliyekuwa mjumbe wa baraza hilo, aliipiga vita kanuni hiyo miaka yote hiyo mpaka ikafutwa.

Na sisi hapa? Sisi tunacho kisa chetu, tena kikubwa, nacho ni cha Wameru wa Arusha. Mwezi Novemba mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa, katika Ibara ya 87, uliruhusu Baraza la Udhamini kupokea maombi kutoka kwa watu wa nchi kama yetu. Wameru wakachanga fedha. Mwaka 1952 wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mpaka New York.

Walipata nini? Kwa hesabu ya karibu, hawakupata walichokiomba. Baraza la Udhamini lilisikitika lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Suala likafika Baraza Kuu, kamati ikawaunga mkono, lakini kwenye kikao kamili azimio likakosa theluthi mbili ya kura. Kirilo akarudi mikono mitupu. Hata hivyo, aliporudi alizunguka nchi akiwasimulia watu yale aliyoyaona na kuyasema huko, na watu wakajua kwamba Mwafrika anaweza kusimama mbele ya dunia na kudai shamba lake. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, ilikuta watu waliokwisha kuisikia habari hiyo. Yeye na Seaton waliandika kitabu juu ya shauri hilo, kikatoka mwaka 1967.

Baada ya Uhuru tulipata kura, na nadhani tulipopata kura tukalisahau ombi. Tulisema tunaye Mbunge, atatusemea. Ni kweli. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Lakini hakuna ibara inayotamka waziwazi kwamba kila mtu ana haki ya kupeleka ombi lake Bungeni. Kwa hiyo njia ya mama wa Mkwajuni kufika ndani ya ukumbi wa Dodoma inapita kwa Mbunge. Mbunge anaweza kuuliza swali, anaweza kulitaja jambo anapochangia hotuba ya bajeti ya wizara inayohusika, anaweza kuleta hoja. Hata kumpigia Waziri simu anaweza, na ukweli ni kwamba mambo mengi ya mtu binafsi humalizwa kwa namna hiyo, bila kuandikwa popote.

Mbunge ana jimbo zima. Mama mmoja ni kura moja. Kata ambayo haina maji ni kura maelfu. Siwalaumu Wabunge kwa kuhesabu, hesabu hiyo wamewekewa na uchaguzi. Ila tujue kwamba dai la mtu mmoja, hata liwe la haki namna gani, linapopita katika mlango wa kura linakuwa jepesi.

Waliokuwepo miaka ya 1960 waliliona tatizo hili. Ndiyo sababu mwaka 1966 Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake katika Afrika, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Mzee Erasto Mang'enya. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya mwananchi dhidi ya watumishi wenye madaraka. Wajumbe walikuwa wakienda mikoani kuwasikiliza watu. Upungufu wake ni kwamba taarifa zake zilikwenda kwa Rais, na yeye ndiye aliyeamua. Tume hiyo ilirithiwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2001. Kupeleka lalamiko huko hulipi kitu. Lakini Tume haiwezi kuchunguza jambo lililoko mahakamani, wala haiwezi kumchunguza Rais, na inachotoa ni mapendekezo.

Neno hilo mapendekezo waulize wanakijiji 135 wa Nyamuma, wilayani Serengeti. Waliondolewa katika makazi yao mwaka 2001. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikawapelekea lalamiko lao kwenye Tume. Mwaka 2004 Tume ikaona kwamba wana haki, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali haikukubaliana na uamuzi huo, na ikabidi watu waende mahakamani mpaka Mahakama ya Rufani, kubishania kama mapendekezo hayo yana nguvu ya kutekelezwa au hayana. Hesabu mwenyewe miaka ambayo mkulima amekaa bila shamba.

Wakati mwingine Bunge lenyewe linawaka moto. Mwaka 2013, katika Operesheni Tokomeza Ujangili, wananchi walilalamika kwamba wamepigwa, wameteswa, mifugo yao imeuawa, na kuna waliopoteza maisha. Wabunge walisimama mmoja baada ya mwingine, na operesheni ikasitishwa. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya Mheshimiwa James Lembeli, ikachunguza, na taarifa yake iliposomwa Desemba 20, 2013, Mawaziri wanne waliondoka katika nafasi zao siku hiyohiyo. Nilikuwa nasikiliza matangazo na nakumbuka watu walivyokusanyika kwenye redio ya duka la jirani. Bunge lilionyesha meno. Lakini uwaziri wa mtu haurudishi ng'ombe wa mtu mwingine. Adhabu ya kisiasa ni jambo moja na fidia ya aliyeumia ni jambo lingine, na Bunge lina wepesi mkubwa zaidi katika hilo la kwanza.

Jirani zetu wa Kenya wamejaribu njia tofauti, na ingefaa tuitazame bila wivu. Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 119, inasema kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni. Mwaka 2012 wakatunga sheria ya utaratibu wake. Na si Bunge la taifa tu, hata mabaraza ya kaunti zote 47 yanapaswa kupokea maombi ya watu wake. Sheria ile ni ya vitendo kabisa. Ombi laweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza au Kiswahili. Lugha iwe ya heshima. Useme umekwishajaribu wapi na umejibiwa nini. Useme kama shauri liko mahakamani. Utie saini, na asiyejua kuandika aweke dole gumba. Unaweza kulipeleka mwenyewe kwa Karani wa Bunge bila kumbembeleza Mbunge yeyote. Na mwisho kabisa, lazima useme unaomba nini.

Sisemi kwamba huko Kenya kila ombi linajibiwa vizuri. Kamati huchelewa, na taarifa inaweza kutoka nzuri na isitekelezwe. Ila mtu amepewa namba, na lile dai limeandikwa katika kumbukumbu za Bunge kwa jina lake, bila kulipima kwa idadi ya wapiga kura.

Sisi tulichonacho badala yake ni bango. Kati ya mwaka 2016 na 2020 tulizoea kuona msafara wa Rais ukisimamishwa na watu wenye mabango, na mambo mengine yakiamuliwa palepale barabarani. Aliyebahatika alishukuru. Lakini barabara kuu haipiti kila kijiji. Mtu wa Mkwajuni anayetaka kwenda Vwawa, makao makuu ya mkoa wake, mara nyingi hupitia Mbalizi, yaani anatoka nje ya mkoa ili aingie tena mkoani. Huyo bango lake atalinyanyua wapi?

Kuna jingine la kuangalia kabla hujaandika. Bunge letu lina kamati inayoitwa ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Msikilizaji mmoja aliwahi kuniambia kwamba alituma barua huko akidhani neno haki pale ni haki yake. Sivyo. Kamati hiyo inashughulika na haki na maadili ya Bunge na Wabunge wenyewe. Vilevile, ukishafungua kesi, Kanuni za Bunge zinamkataza Mbunge kulizungumza jambo lililo mbele ya Mahakama. Wengi hawalijui hili. Anafungua kesi Jumatatu, Jumanne anamwandikia Mbunge, na anashangaa kuona Mbunge amenyamaza. Tena Ibara ya 107A ya Katiba imeipa Mahakama kauli ya mwisho katika kutoa haki, kwa hiyo hakuna Mbunge anayeweza kukuahidi kwamba Bunge litakurudishia shamba. Bunge linaweza kumuuliza Waziri kwa nini leseni ilitolewa juu ya shamba la mtu na kwa nini mashimo hayajafukiwa. Kuamua mpaka wa shamba ni kazi ya vyombo vya ardhi. Huko unaanzia kwenye usuluhishi wa kijiji na kata, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, halafu Mahakama Kuu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti, nawe unaendelea mbele; na siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaweza kuendelea hata bila cheti hicho.

Haya yote nilimweleza mama pale kwenye benchi. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anayemsikiliza mtoto anayesoma darasani. Halafu nikaisoma tena barua yake. Ukurasa wa kwanza hadi wa nne ulieleza jinsi familia ya mumewe ilivyohamia pale wakati wa Operesheni Vijiji. Wa tano hadi wa nane ulimtukana ofisa mmoja, matusi ambayo nina hakika ni ya yule kijana mwandishi, si ya mama. Zilizobaki zilikuwa za kumsifu Mheshimiwa na kumwombea maisha marefu. Katika kurasa zote kumi na moja hapakuwa na mstari mmoja unaosema anaomba nini.

Nikamuuliza, "Mama, wakikuita Dodoma kesho wakakwambia sema unachotaka, utasema nini?"

Akanyamaza muda mrefu. Gari langu likafika, konda akaanza kuita. Mama akasema, "Nataka wafukie mashimo kabla ya mvua. Wajukuu wangu wanapita pale kwenda shule, na mvua ikinyesha maji yanajaa, shimo halionekani. Fidia watanipa wakitaka."

Nikamwomba konda anisubiri. Nikachana karatasi katika daftari langu la kazi, nikaandika alichosema mama, aya tatu tu: shamba liko wapi, nani alichimba na lini, naomba mashimo yafukiwe kabla ya mvua za mwezi Novemba na fidia itathminiwe kwa mujibu wa sheria. Nikaandika ofisi alizokwishakwenda na tarehe, kufuatana na mihuri ya "imepokelewa" iliyokuwa kwenye nakala zake, maana zile nakala mama alikuwa amezitunza vizuri mno. Nikamwelekeza aandike barua moja kwa Mbunge na nyingine kwa ofisi ya madini inayohusika, kila moja kivyake, asiweke orodha ya "nakala kwa", na kila anapoipeleka adai muhuri kwenye nakala yake anayobaki nayo.

Akaipokea karatasi, akaitazama kwa mashaka.

"Mwanangu," akasema, "fupi hivi, watanichukulia kwa uzito kweli?"

Konda akapiga honi mara ya tatu, nikapanda gari. Nilipogeuka nilimwona amekwishafungua faili. Ile ya kurasa kumi na moja aliiweka chini, na aya zangu tatu akaziweka juu, akafunga uzi.